Nimero Saba za Mama Colette

Mama Colette alikimbia Congo, akafika Nchelenge, Zambia, na mutumbwi mwaka 2017, na mizigo mbili na kaye moja ya kuandikia. Masomo yake iliishia mwaka wa sita, sawa yangu. Lakini ni yeye njo alimaliza fujo ya depo yetu ya samaki.

Mbele yeye afike, kila mwanamuke alifunga gunia yake na kitambaa cha rangi. Mvua ikinyesha rangi inatoka, na matusi inaanza. Colette akatafuta namna ingine. C ni chisense, ile samaki ndogo ya kukausha. P ni pale, ile samaki kubwa. Mia moja ni watu wa Kabuta, mia mbili wa Chienge, mia tatu siye wa Congo. C-114: chisense, Kabuta, mwanamuke wa kumi na ine. Hata asiyejua kusoma alitambua gunia yake.

114 ilikuwa ya mama muzee Bwembya. Alipokufa, familia ilifanya vile Wabemba wanafanya: wakamukalisha Beauty, mupwa wake, pa mukeka, wakamunywesha maji, wakamufunga ushanga, jina ya marehemu ikaingia kwake. Kesho yake wakamuleta depo. Mama Musonda, prezida wetu, akasema, "Colette, huyu njo Bwembya sasa. Usifute kitu."

Colette hakufuta. Aliniambia, "Kwetu haiko vile, lakini niko kwao. Nitashika desturi yao na mikono mbili." Kwa miaka tano wakafa wanawake saba, na nimero zao saba zikarithiwa vile vile.

Mwaka jana depo ikaleta Bwana Carlos, kontable wa kuhesabu makuta, na komputa yake. Aliingiza kaye yote ya Colette, akalinganisha na vitambulisho. Kisha akaita mukutano.

"Bamayo," alisema kwa Kibemba, akicheka, "depo yenu iko na muujiza. Wafu saba wanaleta samaki kila juma. Wanakuja na baiskeli?"

Wanawake wakacheka sana. Colette akasimama. "Shefu, si wafu. Ni warithi wao. Uliza Beauty."

"Komputa haijui kurithi. Mutu moja, nimero moja. Akikufa, nimero inafungwa. Ao kuna mutu anakula kwa jina ya wafu?"

Hapo kicheko ikakatika. Tulijua anatafuta mwizi, na mwenye kushika funguo ya depo alikuwa mumoja tu. Ile funguo njo ilikuwa chakula ya Colette na wajukuu wake watatu.

Beauty aliangalia chini. "Miye naitwa Beauty. Nimero, ni Mama Colette alinipa."

"Mama Musonda," Colette akaita, pole pole. "Waambie ile siku."

Musonda akakaza chitenge yake. "Mukimbizi atajulia wapi desturi yetu? Alijichanganya mwenyewe."

Na miye nilikuwa pale. Ile "usifute kitu" niliisikia na masikio yangu. Lakini nimero yangu ni 306, na mutu wa mia tatu hasemi mingi katika inchi ya wengine. Nilinyamaza. Mungu aliona.

Colette aliweka funguo pa meza, akavaa kandambili zake, akatoka. Carlos hakubadilisha kitu: C ni ileile, P ni ileile, mia ni zilezile. Wageni wakija, wanamusifu Carlos kwa akili yake. Beauty alipewa 131. Colette hakupewa yoyote. Anauzisha samaki pale tatu, ine, kando ya barabara ya Kabuta.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuombea marehemu, padri alisema kila mutu ataje wafu wake. Colette akasimama. Akataja saba, hana karatasi, akifuata nimero zao, kuanzia Bwembya. Musonda na Beauty walikuwa benchi ya mbele. Hakuna aliyegeuka.

Miye niliangalia viatu vyangu.