Cheti cha Marehemu Kaka

Hoteli ile ya Diani ilipofunguliwa, uhuru ukiwa bado mbichi, walitaka watu waliomaliza shule ya msingi. Mimi nilikomea darasa la tatu, kwa sababu ya mwalimu mmoja na fimbo yake ya mkwaju, lakini hayo tuyaache. Nilikitoa cheti cha marehemu kaka yangu kwenye sanduku la mama, nikaandikwa kazi ya jikoni kwa jina lake.

Wiki ya pili karani akanijia. Alikuwa mzee wa Msambweni, mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kesho napita kwenu Waa. Kila mtu tunamwulizia kwao. Mama yako nitamkuta?”

“Utamkuta.”

“Basi nitamtajia jina lako, nisikie atakavyokusifu.”

Sikuihofia kazi tena. Akilini nilimwona mama akimtandikia mgeni jamvi, kisha anatajiwa mwanawe tuliyemzika mwaka uliopita, anaulizwa kama ni mchapa kazi. Nikaiweka chini sahani niliyoishika.

Nikamfuata ofisini, nikamweleza yote. Akakitoa cheti kwenye faili, akanirudishia.

“Kirudishe sandukuni kabla mama hajakitafuta. Kazi ya jikoni imekwisha.” Akavuta karatasi nyingine. “Bustanini hawaulizi darasa. Wewe unaitwa nani?”

Nikalitaja jina langu kwa sauti ndogo, kama la mtu nisiyemjua vizuri.