Binti yangu anataka ninywe siku ya mahari yake

Admin, weka hii lakini jina langu lisionekane, huku kwetu Rongai tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, niko na bibi na watoto watatu, kazi yangu ni posho mill, nasagia watu unga. Shule nilifika darasa la nane tu, kwa hivyo mnivumilie nikiandika kaa mtu anaongea.

Mimi ni mlevi. Hiyo neno nimejifunza kuisema juzi juzi. Nimelala kwa mtaro, nimeuza ng'ombe ya maziwa bibi yangu akiwa kanisani. Lakini yenye inanichoma zaidi ni ya msichana wangu wa kwanza, nitamwita Shiru. Akiwa form three nilienda siku ya wazazi nikiwa nimelewa, nikaanguka juu ya meza ya walimu. Wenzake wakamuuliza, "Huyo ni nani yako?" Akasema, "Ni mtu anatuchungia ng'ombe." Nilimsikia. Na hata hizo ng'ombe sikuwa nachunga.

Mwaka jana tumbo ilinifura, nikaenda hospitali. Nesi akaniambia kuna watu walevi kaa mimi wanakutana Nakuru kila Jumamosi mchana, kwa vyumba vya nyuma vya kanisa fulani, wanasaidiana kuacha. Nilienda nikafika kwa geti nikarudi. Wiki ingine nikajikaza nikaingia, kumbe nimekosea mlango. Ndani ni vijana wamekaa wawili wawili wanafundishwa mambo ya ndoa. Mathe mmoja, mama mtu mzima mwenye alikuwa anafundisha, akaniangalia, akasema, "Karibu mzee. Na bibi arusi ako wapi?" Wote wakacheka. Nikasema natafuta wale wengine, wa kuacha pombe. Huyo mathe akanishika mkono polepole, akanipeleka mlango wa pili.

Huko hakuna mtu alinishangaa. Walikuwa wachache, wamekaa kwa viti vya plastiki, chai iko. Jamaa mmoja, mkulima wa Njoro, akaniambia, "Kaa hapa boss. Hatukuulizi ulikunywa nini, tunakuuliza tu kama umechoka." Nililia mbele ya watu siwajui. Tangu hiyo siku sijagusa pombe.

Kosa langu ni hii: nyumbani sikuwaambia. Niliona aibu. Nikienda Nakuru nasema naenda kutafuta vipuri vya mashine. Wote wanadhani niliacha kwa nguvu zangu mwenyewe. Bibi yangu anatoa ushuhuda kanisani, "Bwana yangu aliamka siku moja akaacha, hivyo tu." Na mimi nimekaa hapo nyuma, nanyamaza, nakula hiyo sifa.

Sasa Shiru amepata kijana mzuri, kwao ni Longonot. Wanakuja ruracio, yaani kuleta mahari. Na sisi Wakikuyu wenye bado tunafuata mila, siku hiyo muratina, pombe yetu ya kienyeji, inamiminwa kwa pembe ya ng'ombe, msichana anaulizwa mbele ya watu wote, "Tunywe hii?" Akikubali anampelekea baba yake, na baba ndiye anakunywa kwanza. Baba asipokunywa, amekataa hao watu. Babu ya kijana ametengeneza hiyo pombe na mikono yake, hataki kusikia ingine.

Nilimwambia kaka yangu mkubwa, ndiye msemaji wetu, "Si tutumie soda?" Akacheka hadi akashika mlango. "Soda? Wewe mwenye ulikausha Rongai yote?" Nikamwambia basi anywe yeye kwa niaba yangu. "Ninywe, kwani umekufa?"

Nikampigia yule mkulima wa Njoro. Akaniambia, "Mimi nilionja tu kwa harusi ya dada yangu. Niliamka ndani ya shamba ya ngano, na haikuwa yangu." Sikucheka. Mwili wangu naujua. Hata saa hii nikiandika jina ya hiyo pombe, mate inajaa kwa mdomo.

Juzi nikamfuata Shiru jikoni, nikamwambia siwezi kunywa. Akaacha kukata sukuma wiki.

"Baba, si uliacha?"

"Niliacha."

"Sasa mtu ameacha anaogopa nini? Ni kuonja tu!"

Nilitaka kumwambia yote ya Nakuru, mdomo ikakataa. Akaanza kulia na kisu mkononi. "Miaka yote umeniaibisha ukikunywa. Saa hii unataka kuniaibisha ukikataa kunywa?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji kaa mjinga.

Nikisema ukweli, bibi yangu ataonekana mwongo mbele ya kanisa, na watu wa Longonot watajua wanaoa kwa nyumba ya mlevi. Nikikataa bila kusema kwa nini, nimemvunjia ndoa. Na nikionja, hiyo moja haitakuwa moja. Wageni wataniokota hapo hapo kwa hema.

Ni Jumamosi hii wanakuja. Nimefunga, nimeomba, kwa hivyo tafadhali msiniambie niombe. Wenye mmeacha pombe, na nyinyi wasichana wenye baba zenu ni kaa mimi, niambieni kitu moja tu. Mtoto wangu akisimama mbele yangu na hiyo pembe, ananiangalia, nifanye nini?