Asali ya Mtoto wa Dinosaria

Juzi wajukuu wangu walikuwa wakitazama katuni ya dinosaria, sehemu ya pili, nikasikia tena harufu ya tumbaku. Utotoni mwangu, katika kijiji chetu cha ujamaa, huko Ipole, gari la sinema lilituonyesha katuni mchana, ndani ya giza la bani la kukaushia tumbaku. Mtoto wa dinosaria alifiwa na mama yake, wanawake wakalia. Picha ilipokwisha, bibi alimpa bwana wa sinema kibuyu cha asali.

“Mpelekee mfiwa.”

Alikipokea kwa mikono miwili. “Ataipata, mama.”

Gari liliporudi na sehemu ya pili, yule yatima alikuwa amekua, amenenepa. Vigelegele vikalijaza bani.

“Asali yetu hiyo,” bibi alininong'oneza, nami nikaamini.

Leo najua ni nani aliyeila. Namshukuru, maana hakutucheka.