Picha ya Maboga ya Mwanatabu

Mwaniudhi. Jomvu Kuu nzima imejaa waliosoma, nanyi mwanijia mimi niliyeachia darasa la pili, ati niandike habari za Abubakar. Haya. Asiyeweza mwandiko wangu akatafute miwani.

Abubakar ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hivyo kumcheka ni haki yangu. Alipostaafu bandarini, daktari alimwambia atembee kila siku, ana sukari. Akaanza kipupwe hicho hicho. Mngemwona! Koti zito, shali shingoni, soksi mbili mbili. Mkononi simu. Umande kwenye majani ya muhogo, picha. Mbuzi wa watu kajikunyata, picha.

"Daktari alisema utembee au uiname?" nikamwuliza.

"Dada, wewe hujui uzuri."

"Niujue vipi, nawe wapita mlangoni kwangu ukapige picha mbuzi?"

Njia yake ya kwenda horini, ule mkono wa bahari, yapita shambani kwa jirani yetu Mwanatabu. Asubuhi moja akakuta maboga yametoa maua, manjano tupu. Akapiga picha, akayasifu, akaenda zake bila kusema mashaallah. Kesho yake maua yote chini. Mwanatabu akaziba njia kwa miba.

"Jicho la mtu huvumilika," akasema, "lakini kaka Abubakar aja na la pili la kioo!"

Mzee wa watu akarudi nyumbani akavua soksi. Kutwa kitako, sukari ikapanda. Hapo nikaacha kucheka, nikaenda kwa Mwanatabu.

"Hakukusudia, mwanangu. Na njia iliyobaki ni ya barabarani kwenye malori, atasagwa."

"Akishika simu husahau hata jina lake, Bi Ummi. Mashaallah ataikumbuka?"

"Atakumbushwa."

"Na nani?"

Mwanatabu akaanza kuondoa miba, huku acheka. "Basi mtakuja wote wawili."

Sasa kila alfajiri natolewa kitandani nifuate koti. Akiinua simu, mimi napaza mashaallah: kwa boga, kwa mchicha, hata kwa mbuzi mwenye upele. Sukari yake imeshuka, alhamdulillahi. Magoti yangu je?

Basi wewe uliyenishurutisha kuandika, kesho ni zamu yako. Uwe mlangoni kwa Abubakar kabla ya jua. Na upaze sauti, Mwanatabu hasikii vizuri.