Mpangaji Wangu Stella na Darasa Lililokataa Kubishana

Stella alipanga chumba cha uani kwangu, hapa Mtanda, akiwa na begi moja, feni na kompyuta aliyoibeba kifuani kama mtoto mchanga. Ni mzaliwa wa Nachingwea, binti wa fundi cherehani. Alikuwa amepata kazi katika chuo kimoja cha biashara, ila wanafunzi wake hawakai kwenye madawati. Wametawanyika mkoa mzima, kila mmoja na simu yake, naye huwafundisha akiwa amekaa barazani kwangu, maana ndipo mtandao unaposhika.

Sina la kumsema kwa tabia. Asubuhi haipiti bila kuniamkia, na Ramadhani hali mbele yetu japo yeye ni Mkristo. Kilichonikaa rohoni ni Kadija. Huyo ndiye binti yangu wa pekee, naye yumo katika darasa hilo. Nikimuuliza habari za chuo hunijibu, "Nzuri, mama," basi. Akikaa na Stella, kicheko chao kinasikika mpaka kwa jirani. Hata chai ya jioni alianza kumpelekea yeye kwanza, mimi baadaye. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini macho nilikuwa nayo.

Kazi ya Stella ilikuwa na mwiba. Chuo kilitaka wanafunzi wajadiliane kwa kuandika: mwalimu atupe swali, wao wabishane, wajibizane, wafunzane. Darasa lake halikubishana. Mkuu wa kozi akamwambia kwamba muhula ukiisha hivyo, darasa atapewa mwalimu wa Mtwara. Stella hakuwa na kazi nyingine.

Mwanzoni aliuliza maswali ya kitabuni. "Eleza maana ya masoko." Wote wakajibu sawasawa, hata makosa yalifanana. Akabadilisha, akauliza jambo la mtaani. Mama ana mgahawa Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama. Mwenzake amefungua mwingine ubavuni. Afanye nini?

Swali lilikuwa tamu, hata mimi nililifikiria nikiwa nachambua mchele. Lakini darasani alikuwemo Mzee Hussen wa Nangurukuru, mstaafu mwenye duka la pembejeo, aliyeamua kusoma uzeeni. Yeye huandika mara tu baada ya sala ya alfajiri. Akaandika: "Ashushe bei." Waliofuata wote wakaandika: "Shikamoo baba, umemaliza. Nakubaliana nawe." Kadija naye aliandika hivyo hivyo.

"Kweli unakubaliana naye?" Stella akamuuliza.

"Hapana, dada."

"Sasa?"

"Nimpinge mtu mzima, mbele za watu? Nimekosa adabu mimi?"

Nilifurahi kusikia jibu hilo. Angalau malezi yangu yalikuwa bado yamo ndani yake.

Hapo ndipo Stella alipokosea. Alimwandikia mzee, kwa heshima zote, asubiri wengine waandike kwanza. Mzee akajitoa darasani. Habari zikaenea kwamba mwalimu amemnyamazisha mtu mzima, na wale wachache waliokuwa wakiandika nao wakaacha. Stella alikaa barazani siku nzima bila kula. Kadija alikaa naye, kamshika mkono. Mkono wangu sikumbuki aliushika lini.

Stella akaamua kwenda kuomba radhi mwenyewe. Kadija akasema atamsindikiza. Nami nikavaa baibui langu.

"Mama, na wewe unakwenda wapi?"

"Watoto wa kike hawaendi kuomba radhi bila mtu mzima," nikamwambia. Ilikuwa kweli, ingawa sababu yangu haikuwa hiyo.

Mzee Hussen alitupokea dukani kwake.

"Shikamoo, mzee," Stella akasema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba. Umenifuata mpaka huku uninyamazishe ana kwa ana?"

"Nilikosea, mzee. Nilikwambia usubiri."

"Mkubwa haambiwi asubiri, mwalimu. Huambiwa karibu."

Mjukuu wake Maftaha, msichana aliyemaliza kidato cha nne, akatuletea soda. Akamtazama babu yake. "Mume wangu, umewaambia wageni ulivyojaza majembe dukani wakati watu wanavuna? Jirani kauza magunia, wewe umebaki na mapambo ya ukutani!"

Mzee akacheka mpaka kofia ikakaa upande. "Huyu mke wangu ana mdomo! Sijui nani alinitolea mahari."

Stella hakucheka. "Mzee, huyu anakupinga kwenye biashara yako, nawe hukasiriki."

"Mjukuu huyo. Mtani wangu. Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningemkata jicho."

"Na darasani wote wanakuita baba."

Mzee akamtazama Maftaha. "Ila umri wao ni wa wajukuu zangu."

"Utakubali uwe babu yao? Kazi nitakayowapa ni kukutania, nawe uwajibu."

"Basi wajiandae," akasema mzee, akaweka kofia sawa. "Babu ana meno machache, lakini yanauma."

Kadija alimtazama Stella kwa macho ya kumvulia kofia. Nikaomba maji ya kunywa.

Tuliporudi, Stella aliandika na kufuta. Kila mara alimsomea Kadija, "Hapa ungejua pa kuanzia?" Kadija akisema hapana, anafuta. Mwisho yakabaki masharti haya. Babu atatoa neno lake. Kila mjukuu atalitania kwa jambo aliloliona kwa macho yake kwao, si la kitabuni. Kisha atachagua hoja ya mwenzake na kuonyesha panapovuja. Babu atarudi kujitetea.

Kadija akatangulia. Stella alinisomea kwa sauti, akidhani nitafurahi. "Babu, hapa Mtanda muuza maandazi alishusha bei. Jirani yake naye akashusha. Mwisho wote wakauza maandazi madogo kama vifungo vya shati. Babu unataka tule vifungo?"

Babu akajibu, "Meno unayo, mjukuu wangu. Tafuna."

Darasa likawaka. Mmoja wa Kilwa Masoko akasema mama apike uji wa madereva, mwingine akamuuliza madereva gani wanaokunywa uji saa saba mchana. Babu alipigwa kila upande na akapiga kila upande.

Muuza maandazi yule ni mimi. Kadija alikuwa mdogo, amekaa pembeni ya karai, na nilidhani haoni kitu. Kumbe aliona yote. Akayatunza, akaenda kuyasema kwa Stella na watu asiowajua. Mimi hajaniambia hata siku moja.

Muhula ulipoisha, mkuu wa kozi akapiga simu. Darasa ni la Stella, na ameongezewa la pili. Stella akapiga kelele. Kadija akatoka mbio jikoni, akamkumbatia, wakazunguka pale uani kama mapacha.

"Mama, wamenipa!" Stella akaniambia, machozi yakimtoka.

"Alhamdulillahi, hongera, mwanangu," nikasema, na nilimaanisha. Kisha nikamwita Kadija aje anikunie nazi, ingawa nazi nilikwisha kuikuna.