Sista Dorca na Vidonge vya Jino

Watu wa Kombewa walimjua Dorca Amolo kwa ukali wake. Kufikia mwaka wa 1993 alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na tisa, na mgonjwa aliyemeza dawa kinyume cha maagizo alipata kwake maneno ya kumtosha. "Dawa si njugu," alikuwa akiwaambia.

Lakini Dorca mwenyewe aliogopa koleo la daktari wa meno kama mtoto. Gego lilipoanza kumsumbua mwezi wa Agosti, alikimbilia parasetamoli. Alianza na vidonge viwili, vikawa vinne, kisha akaacha kuhesabu. Alivimeza ndani ya stoo ya dawa ya zahanati alikofanya kazi, akiupa mlango mgongo. Siku ya nne alianza kutapika, na chini ya mbavu za kulia kukawa na maumivu. Mumewe, Oketch, akampeleka hospitali mjini Kisumu.

Aliyempokea alikuwa Daktari Nasipwondi. Miaka ya nyuma, Nasipwondi alipokuwa mwanafunzi, Dorca ndiye aliyemfundisha kushika sindano.

"Sista, kuna dawa yoyote umekuwa ukitumia?"

"Za jino tu. Viwili, mara tatu kwa siku."

Uongo ulitoka laini, kwa maneno yale yale aliyozoea kuwaandikia wagonjwa kwenye bahasha za dawa. Nasipwondi aliamini, nani angemshuku Sista Dorca? Akaandika apimwe malaria. Dorca alimtazama akiandika, uso ukimwaka. Alijua kwamba kila saa inayopita ini lake linazidi kuharibika, na kwamba dawa ya kulikinga ipo. Hata hivyo alinyamaza mpaka daktari alipofika mlangoni.

"Nasipwondi, futa hiyo." Macho yake yalikuwa kwenye shuka. "Ni kama ishirini kwa siku. Siku tatu. Vya mwisho nimemeza leo asubuhi."

Oketch, aliyeketi kando ya kitanda, aligeuka akatazama dirishani. Hilo lilimchoma Dorca kuliko jino.

Daktari hakumkaripia. Alivuta kiti, akamweleza kama anavyoelezwa mgonjwa yeyote: ini likivunja vidonge vile hubaki sumu kidogo, nalo lina kinga yake ya kuizima. Vidonge vikizidi, kinga huisha, sumu ikazishambulia seli zenyewe.

"Dawa nitakayokuwekea italisaidia ini kutengeneza kinga upya. Seli zilizokufa haizifufui, lakini zilizobaki itazilinda."

Dorca aliyajua yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndiyo, Daktari." Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Dawa ilipofunguliwa ilinuka mayai viza. Dripu ikatundikwa. Wauguzi wawili vijana walipita wakamsalimu kwa heshima. Walipofika nje akawasikia wakinong'ona, akajifunika uso. Macho yake yaligeuka manjano, lakini siku ya tano vipimo vya damu vilianza kuwa afadhali. Wiki ya tatu aling'olewa jino, Oketch akiwa amemshika mkono. Halikuchukua hata dakika tano.

Aliporudi Kombewa aliomba ahamishiwe chumba cha chanjo, asigawe tena vidonge. Aliwaambia wenzake kwamba miguu inamuuma kwa kusimama sana. Oketch alijua sababu, ila hakuitaja hata siku moja, na Dorca hakuthubutu kumshukuru kwa hilo.