Kiondo Humwagwa Chote

Kuna siku moja, mjukuu wangu, haijawahi kunitoka. Ilikuwa ile miaka ya tisini. Baba yako Muthama, kijana bado, alikuwa ameajiriwa na hospitali ndogo huko Kitui kuandikia kompyuta yao maagizo kwa lugha wanayoiita Perl. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini jambo hili nalijua, kwa sababu nilimkalisha chini akanieleza mpaka nikaelewa.

Shangazi yako Mumbua, kitinda mimba wangu, alishikwa na homa. Nikamtoa kwetu Kalamba nikampeleka hospitali hiyo hiyo. Akatolewa damu, mtu wa maabara akaingiza kwa kompyuta, ile mashine, alichoona, na mashine ikatoa karatasi. Sista kijana akaisoma.

"Majibu ni sawa, mama. Mpe maji mengi, mrudi nyumbani."

Tukarudi. Asubuhi, hata ng'ombe sijakamua, mtoto akaanza kurusha mikono na miguu, macho yamegeuka meupe. Sikulia. Nilimfunga mgongoni na leso nikakimbia barabarani kutafuta gari.

Sista mkubwa wa hospitali ile, mama mzee mkali, hakutaka kuona karatasi. Aliingia maabara mwenyewe, akaangalia ile damu kwa hadubini, akatoka.

"Huyu amejaa malaria. Nani alisema sawa?"

Ilikuwa imesema mashine, na mashine ilifundishwa kusema na mtoto wangu.

Muthama akafungua maandishi yake.

"Mama, kuna kipande nilichoandika kinaangalia majibu ya damu na kurudisha vitu viwili. Cha kwanza ni malaria, cha pili ni wingi wa damu. Lakini pa kupokea niliweka jina moja tu, bila mabano."

"Na kile kingine?"

"Kimetupwa. Ukiweka jina moja hivyo, kinabaki cha mwisho."

"Cha mwisho kilikuwa nini?"

"Wingi wa damu. Huo ulikuwa sawa."

"Na mashine haikulalamika?"

"Haikusema kitu."

Nilikaa sakafuni. Mabano, mjukuu wangu. Vile vialama viwili kama kucha zilizokatwa. Vingeweza kunizikia mtoto.

Sista mkubwa, huku akitundika dripu, hakumhurumia. "Wewe si Mkamba wewe? Kiondo kikirudi kutoka kwa wakwe, mama yako hutoa kimoja akatupa vingine bila kutazama?"

Muthama aliinamisha kichwa. Unajua kwetu kiondo, kile kikapu cha zawadi, kikirudi humwagwa chote kwenye ungo, mbele ya aliyekileta, na kila kitu kikatajwa kabla ya kushukuru. Siku hiyo hiyo akaandika majina mawili ndani ya mabano, malaria mbele, damu nyuma, kwa mpangilio ule ule vinavyorudi. Maana ukivigeuza, damu itaitwa malaria, na mashine bado itanyamaza.

Mumbua alipona, lakini sikio lake la kushoto halijasikia tena. Ndiyo maana juzi ulimwita akapita tu, nawe ukacheka na wenzako. Hukumwona baba yako akiinuka akatoka nje na chai yake haijaisha?

Sasa nasikia na wewe umeanza kuandikia kompyuta. Basi nisikilize. Kazi ikikurudishia vitu vitatu, weka majina matatu, ndani ya mabano, kwa mpangilio wake. Usiseme iko sawa kwa sababu mashine imenyamaza. Ijaribu kwa damu ya mgonjwa, si ya mzima peke yake. Na ukimwita shangazi yako, zunguka usimame kulia kwake.

Mungu akupe mikono ya kupokea yote unayorudishiwa, na macho yako yasione kamwe yale niliyoyaona asubuhi ile.